Mimi Nilituma Picha Tu

Kabla hamjaendelea kucheka na ile sauti inayozunguka kwenye simu zenu tangu juzi, naomba mnisikilize na mimi. Aliyeirekodi ni rafiki yangu, muuza vocha wa hapa kijijini. Jina lake silitaji kwa sababu nina deni dukani kwake na sitaki likue. Kwenye simulizi yake, mimi ndiye niliyemuua baba yangu mzazi wakati wa Krismasi. Amesahau, na amesahau kwa makusudi, kusema nani alipokea simu kutoka Ngudu, kule Kwimba, usiku wa mkesha na alijibu nini. Nitafika huko. Tulieni.

Wanaonifuata siku nyingi wanajua kwamba sisi ni Wasukuma wa bondeni. Baba alitoka Kwimba, mkoani Mwanza, miaka ya tisini, yeye, mama na ng'ombe, akashuka mpaka bonde la Kilombero, upande huu wa Malinyi. Akakuta maji, majani na nafasi, akasema hapa hapa. Wenyeji wetu Wapogoro na Wandamba wakamwonyesha mahali mto unapofika mvua ikikasirika, naye akajenga juu kidogo ya hapo. Sisi watoto wote tumezaliwa huku. Tukienda Kwimba wanatuita "wale wa majini".

Ndugu waliobaki kule wana picha yao ya huku, na haibadiliki: viboko, mamba, malaria, mafuriko. Ukimwambia shangazi kwamba siku hizi pale Ifakara mto unavukwa kwa daraja la mita 384, limefunguliwa 2018, mambo ya pantoni yameisha, anakuangalia kwa huruma halafu anauliza, "Na mamba nao wamekwenda wapi?" Kwa hiyo kila mwisho wa mwaka habari zetu lazima ziende, ni kama ushuru. Zamani ilikuwa barua. Baba aliandika kwa kalamu ya bluu, "Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yetu," akampa dereva wa lori la mpunga, na ikifika inasomwa kwa sauti mbele ya mji mzima. Siku hizi kuna grupu la ukoo.

Habari zenyewe, tuseme ukweli, huwa zimepigwa pasi kwanza. Kuna mwaka mafuriko yalibeba mpunga wote pamoja na jiko la mama. Baba aliandika, "Mvua mwaka huu zimekuwa nzuri." Na wao wanajibu vivyo hivyo, hasa baba mdogo. Mnaikumbuka ile operesheni ya 2012 ya kuondoa mifugo bondeni? Bonde lilikuwa limeshaingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar tangu 2002 kama ardhioevu ya kulindwa, swala wanaoitwa sheshe na tembo wakawa na haki zao, ng'ombe wakaambiwa watoke. Baba aliuza wengine kwa bei ya kutupa, na 18 waliobaki akawapakia kwenye lori wakarudi Kwimba, kwa mdogo wake, awatunze. Tangu hapo kila Krismasi baba mdogo anatuma mstari mmoja tu: "Kaka, ng'ombe wako wanaendelea vizuri, mwaka huu wameongezeka." Kwa hesabu ya mistari hiyo, baba yangu leo ni tajiri wa kuogopwa. Naomba hao ng'ombe mbaki nao kichwani.

Sasa mwaka huu baba ameniita tarehe 23 asubuhi. "Wewe si una simu ya picha? Safari hii sitaki maneno mengi. Waone kwa macho."

Hebu niwaeleze picha zenyewe moja moja, kwa sababu huyu muuza vocha anasimulia kana kwamba nilikuwa na nia.

Ya kwanza ni ya sebuleni. Tumehamia nyumba ya matofali ya kuchoma mwaka huu, bati juu, na mama alitaka waione sebule. Ukutani kuna picha ya baba akiwa kijana, alipiga studio Mwanza na koti la kuazima, nyeusi na nyeupe. Mama kainunulia fremu mpya, na kwa kuwa ni sikukuu, akaizungushia maua ya plastiki.

Ya pili ni ya jumuiya. Ilikuwa zamu yetu wanajumuiya kusali nyumbani kwetu. Mvua ilikuwa inatishia, tukafunga lile turubai la kuanikia mpunga. Kina mama wamekaa kwenye mikeka, khanga kichwani, wanaimba. Nyuma yao masufuria mawili makubwa ya kuazima.

Ya tatu ni ya choo. Hapa naomba mniwie radhi, lakini lazima nikieleze. Choo cha zamani kilititia mvua za kwanza tu. Huku maji yako karibu, ukichimba ovyo unajikuta una kisima. Baba akachagua pa juu, penye kichuguu cha zamani, akapima mstatili kwa kamba, pembe zote nne za haki, akaanza kushuka. Sijawahi kumwona anajivunia kitu namna ile, hata mimi sijawahi kujivuniwa hivyo. Kwenye picha wanaonekana majirani wanne wamesimama kando ya shimo na makoleo, kofia mkononi, wanajifuta jasho, nyuso zimechoka. Baba haonekani. Haonekani kwa sababu yumo ndani, ananipigia kelele, "Piga kina kionekane!"

Ya nne ni ya mama. Mama alikuwa na jino. Ameshika shavu, kajifunga khanga kichwani, na chozi limemtoka jicho la kushoto. Nilimwambia tuahirishe, akasema piga tu, wasije wakasema nimefichwa.

Na ya tano, ambayo ndiyo mtetezi wangu, ni ya baba mwenyewe. Amekaa juu ya pawatila, lile trekta dogo la mkono, jogoo mkononi, anacheka meno yote nje. Chini yake yalitakiwa yaende maneno ya salamu, ambayo alinisomea neno kwa neno na kunionya nisiyakate.

Mtandao kwetu unapatikana juu ya mwembe ulio nyuma ya zizi, ukishapita tawi la tatu. Mkesha jioni nikapanda. Simu ina asilimia 6, maana jua halikutoka na sola ilikuwa pambo tu. Nikazituma picha zote kwa mpigo, nikaanza kuandika: "Ama baada ya salamu, sisi huku ha..." Simu ikazima.

Nikashuka. Mlitaka nifanyeje? Nikasema nitamalizia kesho. Kesho yake ilinyesha tangu alfajiri mpaka usiku. Na mtakaouliza kwa nini sikupeleka simu kuchaji dukani kwa muuza vocha mwenye jenereta, rudini juu mkasome habari ya deni.

Kumbe zile picha zilikuwa zimekwenda. Nne. Ya tano, ile yenye jogoo na uhai, ilibaki inazunguka.

Wewe unayesoma, zipange hizo nne kwa mpangilio huo huo, bila neno hata moja: fremu yenye maua, turubai na kina mama mikekani, shimo la mstatili na wanaume wamevua kofia, mjane ameshika shavu. Halafu aliyezituma hapatikani. Mimi mwenyewe baadaye nilipoziangalia, nilisikia koo limebana.

Sasa tuje kwa rafiki yangu. Kule Ngudu, shangazi alipopata pumzi, alisema tumpigie mwenyewe kwenye namba yake. Kitochi cha baba kilikuwa dukani kwa muuza vocha kinachajiwa. Kikaita. Muuza vocha akapokea. Ni mkesha, muziki juu, na mwenzangu alikuwa ameshaanza sikukuu tangu saa nane mchana. Haya ndiyo mazungumzo kama shangazi alivyonisimulia, na shangazi hana sababu ya kudanganya:

"Hallo! Hii si simu ya kaka yangu? Yuko wapi?"

"Mzee hayupo!"

"Jamani! Ni kweli basi?"

"Kweli kabisa! Shimo wamechimba tangu jana! Watu wamejaa kwao! Na mimi nakwenda kesho, chakula kipo cha kutosha!"

Huyo ndiye shahidi mnayemwamini.

Ukoo ukakaa usiku ule ule. Bibi mzaa baba hakuambiwa, kwa sababu ya presha. Ikaundwa kamati, michango ikapita, ikakodiwa haisi, na alfajiri ya Krismasi watu wakang'oa nanga. Kwimba mpaka huku ni zaidi ya kilomita 1,000: Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, Mikumi, Kidatu, ndipo uanze kuitafuta Ifakara. Krismasi yao waliila garini, michembe ya viazi na karanga, wakiimba nyimbo za maombolezo. Dereva amesema hajawahi kuchoka vile, na si kwa ajili ya barabara.

Sisi huku Krismasi tumekula pilau, tumelala.

Tarehe 26 jua likatoka. Mvua ya jana yake ilikuwa imeingiza maji chooni, yaani kwenye lile shimo, na baba hakutaka kingo zilainike. Baada ya uji akachukua ndoo na ngazi akateremka kuyateka. Mtu mwingine angepumzika Boksingidei, lakini mimi naongelea baba yangu. Sola nayo ikaamka. Saa saba mchana nina asilimia 80, nikapanda mwembe kwenda kumalizia ile "hatujambo".

Hapa ndipo nataka niende polepole.

Simu ikashika mtandao, ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Ikaanza kutetemeka bila kupumzika, mpaka nikaishika kwa mikono miwili na kulikumbatia tawi kwa miguu. Ujumbe wa kwanza ni wa muamala: nimepokea shilingi 20,000 kutoka kwa binamu yangu wa Geita, mtu ambaye hajawahi kunitumia hata salamu. Ujumbe wa pili unasema sehemu ya fedha hizo imekatwa kulipia mkopo wangu wa bando. Sikujali. Ikaingia 10,000. Ikaingia 50,000 kutoka Mpanda. Nikasema kimoyomoyo, Mungu ni mkubwa, kumbe picha zimewapendeza kiasi hiki.

Nikafungua grupu.

"Pole sana."

"Poleni sana wana familia."

"Kazi ya Mungu haina makosa."

Nikajiuliza pole ya nini. Nikafikiri labda jino la mama. Nikazidi kupandisha juu, nikakutana na baba. Ile picha yangu ya fremu na maua, sasa imeongezewa mishumaa miwili inayowaka na njiwa mweupe, na maandishi ya dhahabu: familia inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao kilichotokea ghafla huko Malinyi, ndugu na jamaa wa Kahama, Geita, Mpanda na Mbarali popote walipo wapate taarifa hizi. Jina ni la baba. Jina la ukoo ni letu. Chini mtu kauliza, "Jamani chanzo ni nini?" Akajibiwa, "Tunasikia ni kiboko." Mwingine akasahihisha, "Hapana, mimi nimeambiwa mamba." Wakabishana hapo jumbe nyingi, kiboko na mamba, mpaka mwenyekiti wa kamati akawaomba waheshimu marehemu.

Nikageuza macho kuangalia nyumbani. Shimo lile. Ndoo inatokea kwenye ukingo, maji ya matope yanamwagwa, ndoo inarudi chini. Marehemu alikuwa kazini.

Ujumbe wa mwisho kwenye grupu uliandikwa asubuhi ile ile: "Tumevuka Ifakara. Msizike mpaka tufike."

Na hapo nikasikia honi.

Haisi ilikuwa inakata kona ya kwenye majaruba, imepakwa tope mpaka kwenye vioo, mikono ya kina mama imetoka madirishani inapunga hewani. Sauti ikafika kabla ya gari. Nimeshuka mwembe ule tangu utotoni, lakini siku hiyo sikushuka, nilianguka kwa awamu. Suruali ikabaki na kipande kwenye tawi la pili. Nikakimbia.

Wao wakawahi. Mlango wa haisi ukavutwa, akatoka shangazi mwenyewe, peku, khanga kiunoni, mikono kichwani, "Mayo wane! Mayo wane!" Hakwenda nyumbani. Hakuuliza mtu. Picha alikuwa ameitazama njia nzima, ramani ya mji wetu aliijua kwa moyo, akanyoosha moja kwa moja hadi shimoni, na wenzake nyuma yake. Alipoona liko wazi akapiga kelele, "Bado hawajamfukia! Tumewahi!" Akajitupa chini, hatua chache kutoka ukingoni.

Mama akatoka jikoni na mwiko. Akaona wifi yake yuko chini, mashemeji wanalia, haisi nzima ya Kwimba imekuja bila taarifa. Akapiga hesabu ya haraka, na kwa haki kabisa akapata jibu moja: bibi amefariki. Mwiko ukaanguka. "Mama mkwe wangu! Mama mkwe wangu jamani!" Akajiunga. Sasa kuna misiba miwili uwanjani, kila upande unamlilia mtu aliye hai, na hakuna anayesikiliza kilio cha mwenzake.

Nikafika mimi, pumzi sina, mkono mmoja umeshika suruali. Nikafungua mdomo niseme. Baba mkubwa akanidaka. Baba mkubwa ni mtu wa mwili, na alikuwa amevaa koti la mazishi tangu Ngudu. Akanivuta kifuani, uso wangu ukazama kwenye lile koti.

"Baba..." nikasema.

"Lia, mwanangu. Lia."

"Baba yupo..."

"Yupo kwa Mungu."

Nikajinasua kidogo, nikapata pua nje. "Baba mkubwa, nakuambia baba yumo shimoni!"

"Tunajua, mwanangu," akanirudisha kotini. "Tunaliona."

Jamani. Nilijaribu. Kila neno nililopata nafasi ya kulisema lilikuwa linaongeza msiba. Nikamsikia akiwaambia watu juu ya kichwa changu, "Kijana amechanganyikiwa, mleteeni maji."

Kupitia kwapa la baba mkubwa nikamwona baba mdogo anasogea ukingoni. Alikuwa hajalia kabisa mpaka dakika ile. Kavua kofia, kapiga magoti penye udongo wa juu ya shimo, na watu wakatulia wenyewe, hata mama akashusha sauti, maana ilionekana ana neno.

"Kaka," akasema. "Kaka, umeondoka kabla sijakwambia. Safari nzima nimekaa na hili jambo. Wale ng'ombe wako, wale 18 wa mwaka 2012." Akapangusa pua. "Niliwauza, kaka. Wote. Wa mwisho aliondoka 2015. Kila Krismasi nilikuwa naandika tu. Hawajaongezeka, kaka. Hawapo. Nisamehe huko uliko."

Kimya. Mtoto mmoja akaulizia michembe, akazibwa mdomo. Shangazi akainua uso wake taratibu, udongo kwenye shavu, akamtazama mdogo wake kwa jicho ambalo halikuwa la msiba tena.

Na kutoka chini, kwenye kina kile kile nilichoagizwa kipigwe kionekane, ikapanda sauti ya utulivu, sauti ya mtu aliyekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa:

"Uliwauza bei gani?"

Na baba mdogo, naapa, alijibu. Mazoea ya kuulizwa na kaka mkubwa hayangoji akili. "Majike laki nne na nusu, kaka, madume..."

Madume hakuyafikisha.

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Watu waliokuwa hawawezi kusimama kwa huzuni walisimama. Shangazi, ambaye magoti yake yana faili lake pale hospitali, alilipita zizi letu kabla ya vijana. Dereva wa haisi aliwasha gari na kurudi nyuma mpaka kwenye jaruba, akanasa. Baba mkubwa aliniachia ghafla, nikaanguka, suruali ikakamilisha safari yake. Mwanajumuiya mmoja aliyekuwa amekuja kudai sufuria alianza rozari kuanzia katikati. Baba mdogo alijaribu kunyanyuka, lakini udongo ulikuwa umelewa maji, ukingo ukameguka, na yeye akaondoka nao. Tukasikia tope limepokea mtu. Kisha tukasikia baba anasema, "Karibu. Sasa tuanze na majike yalikuwa mangapi."

Baadaye baba alituambia kwamba kilio alikisikia mapema. Alishakanyaga ngazi ya kwanza atoke, akaisikia sauti ya mdogo wake inataja ng'ombe, akaona bora atulie, maana habari zilikuwa zinakwenda vizuri.

Yaliyobaki mtayajua kwa ufupi. Walikaa humo shimoni mpaka jua likapoa, wanahesabiana, sisi tunawateremshia maji ya kunywa. Walipotoka walikuwa wameshikana mikono na kuna makubaliano ambayo mimi sikushirikishwa. Mama alihakikishiwa kwa simu kwamba bibi ni mzima, na bibi akauliza kwa nini watu wote wamehama mji bila kumuaga. Mbuzi wawili wakachinjwa. Haisi ilitolewa jarubani kwa pawatila, ile ile ya kwenye picha ya tano, na baba akiiendesha mwenyewe, kwa hiyo hatimaye wakamwona alivyo. Picha ya jogoo ilimalizika kwenda saa kumi na mbili jioni, na mtu mmoja wa Mbarali akaandika chini yake, "Hii ya zamani inaumiza sana."

Kuhusu rambirambi, naomba tusisukumane. Zilizokuja kwangu nimeziandika zote. Ile iliyokatwa na mkopo wa bando nitairudisha mpunga ukivunwa. Kuna upande wa ukoo unasema fedha zirudishwe, na upande mwingine, unaoongozwa na shangazi, unasema msiba ukishachangiwa umechangiwa, zikae akiba kwa ajili ya siku yenyewe. Baba yuko upande wa shangazi. Na nyinyi mnaonitumia ujumbe wa pembeni mkiuliza bei ya majike, siyo siri, ilisemwa hadharani.

Nilikuwa nimefika hapa, nataka nimalizie na muuza vocha, nikaitwa nje. Kumefika lori. Ni mjomba wangu wa Kahama, kaka yake mama, fundi seremala. Yeye grupuni hayumo, alipigiwa simu mkesha usiku, na tangu atoke kwake simu yake haina chaji. Amekuja na jeneza. Kalitengeneza mwenyewe, usiku kucha, kwa mkono wake, kwa heshima ya shemeji yake, na kufika amemkuta shemeji yake anagawa nyama.

Wamekumbatiana muda mrefu. Mama ameshaziona zile mbao na ameshauliza habari ya mlango wa choo. Baba amelizunguka jeneza bila kuligusa, kasifia mninga, kasifia bawaba, kisha akasimama upande wa miguuni na kunyamaza.

"Shemeji," akasema, "ndivyo unavyoniona, mfupi hivi?"

"Vipimo walinipa kwa simu," mjomba akajibu. "Walisema nifuate shimo."